Saini Yenye Konokono

Kilosa, Jumamosi jioni

Zawadi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Salome, na kwa jinsi Mama Salome anavyosuka huku akisimulia, hutarudi kabla ya magharibi. Nimepata nafasi. Nimefunga mlango, nimesogeza kiti kwenye meza ya dirishani, nimetoa karatasi chache za ofisini. Usinicheke. Jumatatu nitanunua nyingine niziweke mahali pake, kabla mtu hajaona.

Kesho asubuhi unakwenda Mikumi, chuoni, kujifunza umeme wa magari. Nimeandika sentensi hiyo polepole ili niitazame vizuri. Binti yangu, umeme wa magari! Tangu jana natembea humu ndani kama mtu aliyeambiwa jambo zuri akakatazwa kulisema. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimemsalimia jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani.

Sitaandika juu ya chandarua, wala ndoo, wala kufuli la sanduku. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, hata redio huwa inapumzika." Nataka kukuandikia juu ya benki.

Najua umecheka. Lakini wiki hizi zote ulikuwa ukiniuliza, "Mama, ada imelipwa?" nami nakujibu, "Inashughulikiwa," kwa ile sauti yangu ya masijala. Jana nilipokwambia imelipwa uliruka ukanikumbatia, ukakimbia kuwapigia wenzako simu, hukuuliza zaidi. Ilibaki kidogo sana usiende, Zawadi. Nataka ujue ni nini kilitaka kukuzuia, maana nilikitengeneza mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla wewe hujazaliwa.

Nianze na babu yako. Wewe unamjua kama mzee wa Masanze mwenye mahindi na utani, anayekuita mchumba na kukuuliza lini utamlipia mahari. Mimi nilimjua kwanza kama mkata mkonge. Alitoka Tunduru kijana, akakata mkonge hadi siku shamba lilipofungwa. Walipolipwa kiinua mgongo, walilipwa kupitia benki hapa mjini, na kwa kuwa hajui kusoma alinichukua mimi. Nilikuwa sekondari.

"Vaa sare ya shule," aliniambia. "Wajue nimekuja na msomi."

Tulifika dirishani. Karani akampa kalamu. Baba akaitazama, akanitazama mimi. Karani akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Aa, mzee ni wa dole gumba! Leteni wino!" Foleni nzima ikageuka. Wakamshika kidole, wakakipaka wino, wakakikandamiza kwenye karatasi kama wanaua mdudu. Hakuna aliyempa kitambaa. Basi akafanya walivyofanya wenzake wote wa mkonge: akajifuta kwenye nywele. Alipitisha kidole kichwani mara moja tu, kama mtu anayewaza, na wino ukapotelea humo.

Nje alikuwa anachekelea. "Umeona? Wameweka kidole changu kwenye makabati yao. Sasa pale wanatujua."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilimwonea aibu, Zawadi. Sare niliyovaa alikuwa ameinunua yeye, kwa mikono ile ile, nami nilitembea hatua chache nyuma yake mpaka stendi ili watu wasijue tuko pamoja.

Wiki ile nikaanza kujitengenezea saini. Sikuwa na kitu chochote cha kusaini, lakini niliapa kwamba siku nitakaposimama mbele ya dirisha lile, hakuna atakayeniletea wino. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na saini kubwa kwenye ripoti, inayoanza kwa duara linalojizungusha ndani kwa ndani. Nikaichukua hiyo. Nikaongeza mistari mitatu ya kupanda na kushuka. Mwisho nikaweka mkia mrefu unaopinda kurudi nyuma na kupita chini ya jina zima. Ilikuwa saini ya waziri. Msichana wa kidato cha pili, hana hata baiskeli, ana saini ya waziri.

Miaka ikapita, nikakuzaa wewe mapema kuliko nilivyopanga, nikapata kazi ya ukarani masijala. Mshahara ukataka benki. Wenzangu walitaja benki mbili tatu, ila mimi sikuuliza lolote. Nilikwenda pale pale kwa sababu ya neno la babu yako, kwamba pale wanatujua. Ulikuwa mgongoni, umelala. Wakanipa kadi niweke saini ya mfano, ile watakayoitunza na kuilinganisha siku zote. Nilikuwa na hofu ya kazi mpya, hofu ya wewe kuamka ukalia, hofu kwamba mtu pale ndani atanikumbuka na kuuliza mzee wa dole gumba yuko wapi. Mkono ulitetemeka. Saini ikatoka yote, lakini kila mkunjo ukiwa na vijimeno vidogo, kama ukingo wa mundu.

Hiyo ndiyo wakaitunza.

Unaikumbuka saini ile kuliko mimi. Ulikuwa darasa la pili uliponikuta nafanya mazoezi nyuma ya karatasi ya zamani, maana kila nilipotaka kwenda benki ilinilazimu kujikumbusha. Ukaniambia, "Mama, ni rahisi. Unaanza na konokono, halafu milima, halafu mkia wa kima." Ukaichora mara moja, safi kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nikachoma karatasi ile jikoni, maana niliogopa.

Wewe umeniona nikiogopa vitu vingi, najua. Barua zenye muhuri. Simu za namba ngeni. Mtu akinisemesha kwa ukali dukani, namwomba radhi halafu nawaza njia nzima nimemkosea nini. Benki ile ilimfaa mtu kama mimi kwa sababu haikunitaka niseme. Ilinitaka nisubiri. Mtandao uko chini, nasubiri. Wamekata fedha ya huduma nisiyoijua, nauliza, naambiwa nisome ubaoni, nasoma, sielewi, narudi nyumbani. Kadi yangu iliisha muda mwaka huu nikaomba nyingine. "Inakuja," wakasema. Niliendelea kuambiwa inakuja mpaka nikaona haya kuuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha.

Fedha za chuo chako zilikuwa humo. Nilizidunduliza tangu ulipokuwa ukifungua tochi za babu yako kuona kilichomo ndani. Bila kadi, njia ya kuzitoa ilikuwa moja: kujaza fomu na kuweka saini.

Kwenye dawati yuko kijana anaitwa Fidelis. Si mtu mbaya, na ana adabu. Alichukua fomu, akatazama kompyuta, akatazama fomu.

"Dada, saini haifanani."

"Naomba nirudie."

Nikarudia, taratibu, kwa uangalifu wote nilionao. Akatikisa kichwa, akanigeuzia kioo cha kompyuta kidogo. "Ona hii ya kwako ya zamani, ina mawimbi mawimbi. Wewe unaniletea iliyonyooka."

"Lakini ni mimi. Kitambulisho hiki hapa. Picha ni yangu."

"Najua ni wewe, dada. Hata mlinzi anajua ni wewe. Ila saini haijui."

Akaniambia niandike barua ya kuomba kubadili saini, niambatanishe barua ya serikali ya mtaa na picha mbili, wao watatuma makao makuu. Nikafanya vyote siku ile ile. Nikapeleka. Fidelis akapokea, akasoma, akakuna shingo.

"Tatizo ni moja. Barua ya kubadili saini nayo inatakiwa iwe na saini ya zamani."

Nikamwomba radhi, Zawadi. Niliomba radhi! Akaipokea hivyo hivyo kwa huruma, akasema atajaribu, nisubiri simu.

Ndipo jioni ile uliponikuta na karatasi, najaribu konokono mmoja baada ya mwingine, ukasema, "Nipe fomu niweke mimi. Huyu konokono nimemfuga tangu darasa la pili." Nilikutazama kana kwamba umeniambia twende tukaibe ng'ombe. Ukasema, "Basi, basi, nilikuwa natania." Lakini nilijua ungeweza, na niliogopa kwamba huenda ingekubaliwa mara moja. Wewe unayeiga ungekuwa mimi kwa benki ile, na mimi mwenyewe ningekuwa mtu baki.

Hapa katikati kuna jambo lingine, silo la benki, nitaliandika kabla sijaona haya. Siku chache baada ya hapo alikuja masijala mzee mmoja kutoka Malolo. Barua yake haikuwa na muhuri wa mtendaji wa kata. Nimewaambia watu kama yeye maneno yale yale kwa miaka: "Mzee, kagonge muhuri, urudi." Safari hii nilifungua mdomo, na sauti iliyotaka kutoka ilikuwa ya Fidelis, yenye adabu kabisa. Malolo si karibu. Nikauliza, "Mzee, nauli ya kurudi tena unayo?" Akasema, "Mwanangu, hata ya leo nimeazima." Nikampa kiti. Nikampigia mtendaji wake kwa simu yangu, akathibitisha, bosi wangu akakubali barua ipokelewe. Ilichukua muda wa kunywa chai. Mzee alipoondoka nilikaa nikiwahesabu wale wote niliowarudisha, nikashindwa. Siku moja na wewe utakuwa na kaunta yako, hata kama ni boneti ya gari la mtu. Basi, hilo nimelisema.

Turudi. Wiki iliyopita tulikwenda wote Mikumi kukiona chuo. Unakumbuka yule mwalimu alivyokufungulia karakana, nawe ukaingia kichwa kizima ndani ya injini ya lori ukanisahau? Nilikwambia naenda kutafuta maji ya kunywa. Nilikudanganya. Nilikwenda kutafuta benki.

Sikujua nichunguze nini. Matangazo yote yana watu wanaocheka. Riba na makato nimeyasoma, nimeyalinganisha kwenye karatasi kwa rula, unanijua, yakawa karibu sawa. Basi nikaingia ya kwanza, nikasimama mbele ya dawati, na swali lililonitoka sikuwa nimelipanga.

"Mtu asiyejua kusoma wala kuandika anafunguaje akaunti hapa?"

Kijana akajibu bila kuinua macho, "Aje na mtu anayejua."

Nikaiona sare yangu ya shule. Nikashukuru, nikatoka.

Ya pili ni ndogo, iko karibu na barabara kuu. Malori ya Zambia yakipita, vioo vinalia. Binti aliyekuwepo analingana na wewe kwa umbo, labda amekuzidi miaka michache. Nikamuuliza lile lile.

"Aje na kitambulisho chake na kidole chake," akasema. "Anatosha."

"Asije na mtu wa kumsaidia?"

"Akitaka wa kupiga naye stori njiani, aje naye. Ila kwetu anatosha mwenyewe."

Nilitaka kufungua akaunti pale pale. Badala yake nikasema, "Asante, nitarudi," kwa sauti ya mtu asiyerudi, nikanunua maji, nikaja kwenu. Ukaniuliza, "Mama, ulikwenda kuchimba kisima?" Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukinieleza habari ya stata na altaneta, nami naitikia eeh, eeh, huku nasikia neno moja tu: anatosha.

Kilichonizuia, ukiacha hofu yangu ya kawaida, ni babu yako. Benki ile ya Kilosa ilikuwa jambo lake. Kuiacha niliona kama kumwambia kwamba kidole chake hakikuwahi kumaanisha kitu.

Alhamisi ukaja ujumbe wa chuo kwenye simu yangu: asiyelipa kufikia Ijumaa jioni, nafasi yake apewe mwingine. Sikukuonyesha. Ulikuwa unapiga pasi ovaroli lako, ambalo halihitaji pasi.

Nilikwenda benki saa ya chakula cha mchana. Fidelis alisimama aliponiona, na hapo nikajua.

"Makao makuu hawajajibu, dada. Labda wiki ijayo."

"Wiki ijayo mwanangu atakuwa amekosa chuo."

"Pole sana, dada."

Kulikuwa na bango nyuma yake la familia inayocheka. Niliitazama familia ile. Halafu nikasikia mwanamke anasema, "Nafunga akaunti," na kina mama kwenye benchi wakageuka kunitazama, ndipo nikajua ni mimi.

"Unasema?"

"Nafunga akaunti. Nataka fedha zangu zote. Leo."

"Dada, hata kufunga kunataka saini."

"Lete fomu."

Akaleta. Nikashika kalamu. Zawadi, mkono ulikuwa unatetemeka mpaka bega. Sikuwa na hofu tu, nilikuwa na hasira, na mimi hasira sina mazoea nayo, sikujua niiweke wapi, ikaenda yote kwenye vidole. Sikumfikiria konokono wala mkia wa kima. Niliweka tu, haraka, nikasukuma karatasi mbele.

Fidelis akatazama karatasi. Akatazama kioo. Akainamia kioo. Akaita mwenzake, naye akaja akainama.

"Haa!" Fidelis akasema. "Hii sasa ndiyo yenyewe! Mpaka vijimeno! Dada, ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

"Nilikuwa natulia, kaka yangu. Kumbe mlikuwa mnataka nitetemeke."

Mama mmoja wa kwenye benchi aliangua kicheko. Fidelis naye akacheka, kisha akasema kwa upole jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko yote. "Basi, dada, saini imekubali. Hakuna haja ya kufunga. Utoe za ada, akaunti ibaki. Miaka yote hii, kwa nini utuache?"

Alikuwa sahihi, unaona. Shida ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye hofu akiambiwa mlango umefunguka, anashukuru anarudi kukaa ndani. Mimi ningeweza kushukuru, nikaondoka na ada yako, nikabaki mteja wao hadi kustaafu. Nilifungua mdomo kukubali. Kweli nilifungua. Nikautazama mkono wangu, bado unacheza juu ya kaunta.

"Hapana, kaka. Siwezi kuwa natetemeka kila nikija."

Akagonga muhuri. "Haya, dada," akasema. "Kila la heri." Na nadhani alimaanisha.

Nilitoka pale nikiwa mwepesi mpaka nikaogopa nitaanguka. Halafu nikakumbuka nina fedha zote za chuo chako kwenye pochi, hofu yangu ikarudi, nikaipokea kama ndugu. Uliposema jioni unasonga ugali, nikapiga kelele, "Leo tunakula wali!" Ukashangaa. Fedha zilikuwa ndani ya ndoo ya unga.

Alasiri hiyo nilimpigia babu yako nikamwomba tukutane stendi kesho yake asubuhi. Sikusema kwa nini. Alikuja na kofia yake ya Ijumaa na kitambulisho mfukoni, kama nilivyomwomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniita kama kuna msiba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Baba, nimefunga akaunti. Pale wanapotujua." Nilisema haraka, nikitazama magurudumu ya basi.

Akaweka kofia yake sawa. "Mimi yangu niliiacha zamani," akasema.

"Zamani lini?"

"Bado ulikuwa unambeba mchumba wangu mgongoni. Walikata, wakakata, ikabaki sifuri. Nikawaachia na sifuri yao."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unapapenda. Ukipita pale unaamkia mpaka ukuta."

"Nilikaa pale kwa ajili yako!"

"Na mimi nilinyamaza kwa ajili yako." Akapanda ngazi ya basi, akageuka. "Haya, tuambie, msomi. Hapo nani amekula faida?"

Alinicheka kutoka Kilosa mpaka Kisanga. Baada ya Kisanga akalala, akaamka Mikumi, akaanza upya.

Yule binti alinitambua. "Umerudi!" akasema, akamwona babu yako. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye yule asiyejua kusoma."

"Karibu sana. Tulikuwa tunakusubiri."

Akaanza na mimi. Akaniambia niweke dole gumba kwenye kioo kidogo chenye mwanga. Dole gumba, Zawadi. Hakuna aliyeita wino, hakuna foleni iliyogeuka. Mwanga ukawaka, mashine ikalia kidogo, jina langu likatokea lote na picha yangu, na tarehe ya kuzaliwa. Saini ya waziri imenichukua nusu ya maisha yangu, na kidole kimekubaliwa kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nilicheka peke yangu, binti akacheka bila kujua kwa nini.

"Na saini?" nikauliza.

"Andika tu jina lako kama unavyoliandika siku zote."

Nikaandika. Herufi nne.

Ikawa zamu ya babu yako. Akaweka dole gumba, mashine ikakataa. La kushoto, ikakataa. Vidole vyake vimeliwa na mkonge, vimekuwa laini kama kijiko. Nikaanza kuhisi joto shingoni, ile aibu yangu ya zamani inanitafuta. Lakini binti hakusema kitu kwa sauti. Alimshika mkono, akavijaribu kimoja kimoja, akivipuliza na kuvifuta kwa kitambaa, mpaka akafika kidole kidogo cha mwisho cha kushoto. Mashine ikalia.

"Huyo!" babu yako akasema. "Huyo hakukata mkonge. Alikuwa mvivu tangu zamani. Leo ndiyo amefanya kazi."

Kisha akavua kofia yake ya Ijumaa, akapitisha kidole kile kwenye nywele zake, mara moja tu, kama mtu anayewaza. Hapakuwa na wino. Kidole kilikuwa kisafi, na nywele ni nyeupe zote sasa. Alifanya kwa mazoea, hata mwenyewe hakujua amefanya.

Nami nikainua mkono, mbele ya watu, nikajifuta kidole changu kwenye nywele zangu. Akaniona. Tulipotoka alinishika mkono, tukavuka barabara kuu tukienda sambamba. Tulilipa ada chuoni kabla ya adhana ya Ijumaa. Risiti iko kwenye mfuko wa mbele wa sanduku lako; usiikunje.

Sasa wewe. Kesho utakuwa na benki yako ya kuchagua, na fundi wako wa kufanya naye kazi, na chumba, na marafiki, na siku moja mtu wa kuishi naye. Sitaki uende kwa yule binti kwa sababu mama yako alikwenda. Nenda uulize swali lako mwenyewe, usikilize wanavyojibu wakati hawajainua macho. Na popote utakapoingia ukachoka, ondoka. Usikae kwa ajili yangu. Ukidhani mimi napapenda mahali fulani, nipigie simu uniulize kwanza. Huenda niliondoka zamani.

Utaogopa. Mimi bado naogopa: hapa ninapoandika nimeshachungulia dirishani mara tatu kuona kama unakuja. Lakini nina furaha kiasi kwamba hofu na furaha zimegawana kiti. Binti yangu atafungua injini na kuiamuru iwake. Kuna siku gari litakufa njiani, kati ya Mikumi na Kisanga, nami nitakuwa ndani, abiria wote wanalalamika, na mimi nitasema kwa sauti kubwa, ile ya Alhamisi, "Tulieni. Nampigia mwanangu."

Nasikia kicheko chako kwa Mama Salome. Barua hii niiweke wapi? Ndani ya ovaroli, mfuko wa kifuani. Utaikuta siku ya kwanza ya karakana ukitafuta mahali pa kuweka bisibisi.

Hapa chini ndipo penye saini yangu mpya. Itazame vizuri uizoee. Haina konokono, haina mkia, na nimeiandika mkono ukiwa umetulia.

Hawa

(Mama)